Kasa Ananusa Mara Mbili

Mama,

Nimepita mtihani wa mwisho wa chuo! Najua hukuwahi kuwa na subira ya salamu ndefu, kwa hiyo naanza na hilo. Mama mdogo Kahindo alipiga vigelegele kabla mkuu wa jury, lile jopo la watahini, hajamaliza kusoma alama zangu. Akaombwa atoke nje, akaendelea hukohuko nje.

Unakumbuka swali lako, wiki chache kabla hujatuacha? Wewe ulikuwa na beseni lako la samaki wa ziwani Vitshumbi, mimi na michoro yangu ya kasa, kobe wa baharini. Ukaangalia, ukaniuliza: "Masika, uyu anafungaka pua mu mayi. Sasa ananusaka na nini?" Nikakujibu kwa kiburi cha msomi kwamba hilo halimo kwenye kozi. Ulicheka tu. Jibu lile limenichoma tangu siku tuliyokuzika.

Basi, mbele ya jury profesa naye akaniuliza swali lilelile! Kifaransa chote kikanikimbia. Miaka yote hii ya masomo, na ahadi niliyokupa hospitalini kwamba nitamaliza, vyote vikaning'inia pale. Ndipo nikaiona akilini mikono yako. Ulikuwa unamnusa samaki mkavu, halafu unamchovya majini na kumnusa tena, wenzako sokoni wakikutania. Nawe ukawajibu: "Mukavu anadanganyaka. Mulowanishe kwanza, atasema kweli."

Nikawasimulia hayo. Nikasema kasa naye ananusa mara mbili: ndani ya pua yake kuna chumba kidogo cha harufu za hewani, na vifuko vingine vya harufu zilizoyeyuka majini. Akiwa chini ya maji huvuta maji kidogo puani, akayatoa, na hayafiki mapafuni. Profesa akavua miwani, akauliza nani alinifundisha kueleza hivyo.

"Mama yangu. Anauza samaki."

Nilisema anauza, Mama. Ulimi ulikataa kusema aliuza.

Beseni lako liko jikoni, na Kahindo nimemkataza kulifulia nguo. Nikipata kazi nitafika Muanda, niione bahari ambayo mimi na wewe hatukuiona. Nitanusa upepo wake, kisha nitachota maji kwa beseni lako, ninuse tena, na nitakuambia kipi kilisema kweli.

Lala vizuri, Mama. Swali lako limejibiwa. Unisamehe, nimechelewa kidogo.

Masika wako