Rada Iliyoshindwa na Umande

Oulu, Ufini

Mama yangu mpendwa,

Kwanza hilo goti. Bado linakusumbua unaposhuka shambani kwenye chai, au dawa uliyopewa hospitalini Runyenjes imelituliza? Na Cucu, bibi yetu mkaidi, bado anakataa miwani kisha analaumu Biblia kwamba maandishi yake yamezidi kuwa madogo? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kabla hujauliza, ndiyo, ninavaa ile sweta uliyofuma. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu changu cha kuandika kina aibu zake, unakijua.

Mjomba Njeru anasema tangu akuambie nimegombana na mkubwa wangu wa kazi, hulali vizuri. Mjomba ana mdomo! Nilimwambia yeye tu, tena nikamwomba anyamaze. Basi acha nikupe habari yote mwenyewe, usije ukaisikia vipande vipande kwa watu wa Karurumo.

Unajua kazi yangu ni kujaribu vitu kabla havijauzwa. Hapa wametengeneza rada ndogo, haizidi pakiti ya kiberiti, ya kufungwa mbele ya mashine ya kuvuna majani ya mifugo inayojiendesha yenyewe. Rada inatuma mawimbi, na yakigonga kitu yanarudi. Mtu akiwa amechuchumaa ndani ya mimea, hata akinyamaza, kifua chake kinapanda na kushuka akipumua. Rada inatakiwa kukiona na kusimamisha mashine. Isipokiona, Mama, visu havichagui.

Mimi ndiye nilipaswa kuijaribu na kuweka sahihi. Tuliijaribu chumbani, mimea ikiwa mikavu kabisa, ikafaulu kila mara. Wenzangu wakaanza kupongezana. Nikauliza, "Na asubuhi yenye umande je?" Wakacheka. Hawa wanafikiri shamba ni picha ya kalenda. Mtu aliyekulia kwenye chai, aliyefungwa nailoni kiunoni ya kuzuia umande kila asubuhi na bado akafika shuleni kaptura imelowa, hawezi kuamini shamba kavu. Nikachukua kopo la kumwagilia maua, nikailowesha mimea yote, nikawasha feni iwe upepo, nikaketi nyuma yake mimi mwenyewe. Visu vilikuwa vimetolewa, usishtuke. Mashine ikaja, ikaja, ikasimama ilipogonga buti zangu.

Shida ni maji. Kwa rada, majani yaliyolowa yanang'aa sana, na upepo ukiyatikisa, pumzi ya mtu inapotelea humo.

Mkubwa wangu, Bi Kerttu, alikuwa ameshawaalika wanunuzi. Akaniambia, "Andika imefaulu. Umande tutaushughulikia baadaye." Mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha, na bila mkataba hakuna kibali cha kukaa huku. Niliyajua hayo yote. Nikasema siandiki. Akilini nilimwona mtu amechuchumaa kwenye majani mabichi, na mtu huyo amevaa kitambaa chako cha kichwa. Bi Kerttu akanipa wiki mbili nitafute mwenyewe dawa ya ugonjwa nilioutaja.

Unakumbuka nilivyokupigia simu mchana ule, uko kituo cha kuuzia chai unangoja majani yapimwe? Nilikuuliza ulikuwa unajuaje tulikojificha kwenye chai, mimi na watoto wa Mjomba, tulipokuwa tunakwepa kazi. Ulicheka mpaka karani akauliza kuna nini.

"Wee Nyaga, upepo inalaza majani yote pamoja. Mtu anasukuma hapo alipo peke yake. Sasa hiyo ndiyo inakushinda na masomo yote hiyo?"

Kisha ukakata, zamu yako ya mizani ilikuwa imefika.

 Sisi tulikuwa tunaangalia kila mahali peke yake tu! Nikamfuata mwenzangu anayeandika programu, nikamwambia tulinganishe kila mahali na majirani zake. Majani yakicheza pamoja, huo ni upepo, uupuuze. Pakiwa na mahali panapocheza kivyake, tena kwa mwendo wa pumzi, simamisha. Tulihangaika siku tisa. Siku ya kumi nililowesha mimea mpaka ikainama, nikaketi. Mashine ilisimama hatua nne kutoka kwangu. Tukarudia mpaka miguu yangu ikafa ganzi, na kila mara ilisimama. Bi Kerttu akaja akaketi yeye mwenyewe kwenye maji, na suti yake. Ikasimama. Alipoinuka alinishika mkono mbele ya wote akasema, "Ulinikatalia, na afadhali." Nilijivuna, Mama. Nilijivuna bila kujificha.

Mkataba umeongezwa, kwa hiyo lala usingizi. Nisalimie Cucu, umwambie avae miwani. Msalimie Mjomba Njeru, ingawa hastahili, na mkewe anayenitunzia mbuzi wangu. Shangazi Marigu wa duka la Karurumo naye mwambie sijaoa, asiniulize tena.

Nimebakiza jambo moja. Njia yetu imeandikishwa kuwa uvumbuzi, na wavumbuzi tuko wawili, mimi na yule mwenzangu wa programu. Nilimweleza wakili habari ya simu yetu, nikamwomba akuandike pia. Akasema kwa upole kwamba sheria haina nafasi ya mama aliyewatafuta watoto kwenye chai. Nikamwambia haidhuru, asome tu pasipoti yangu.

Siku ya kuniandikisha darasa la kwanza, mwalimu alidai jina la baba. Ukamwambia mtoto ni Nyaga Wawira, la sivyo mnarudi nyumbani. Wenzangu walinitania miaka mingi kwa kubeba jina la mama, na siku moja nililia nikakuomba ulibadilishe. Ukaendelea kumenya viazi. Nisamehe kwa siku hiyo.

Nakala ya karatasi nimeitia humu ndani ya bahasha. Kwenye karatasi za huku jina la ukoo ndilo linalotangulia. Mstari wa mvumbuzi wa kwanza, herufi kubwa, soma mwenyewe: WAWIRA.

Mwanao,
Nyaga Wawira