Utomvu Nyuma ya Sahani

Mpendwa shemeji,

Kamwene. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika kwenye aibu yangu.

Tangu ufungue karakana yako huko Mbeya, hii ya Ipogolo imepata shujaa: mimi. Juzi Baba Mkubwa alimwambia mteja wa milango, "Huyu ndiye aliyeokoa msumeno wa meza. Yule mwanamke alikuwa ameshaumaliza." Nikajibu kwa kukohoa. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, waisome wote kabla haijasafiri.

Unaikumbuka siku yenyewe. Kaka yangu, mumeo, hakuwa na muda mrefu kaburini, na mbao zikaanza kutoka na kingo za mawimbi. Wazee wa ukoo wakaja wakakaa juu ya rundo la paina na uamuzi wao tayari: shafti, ule mhimili unaozungusha msumeno, imepinda, mashine iuzwe chuma chakavu, wewe urudi kwenu Ilula ukalime nyanya. Mimi niliunga mkono kwa kichwa. Kichwa changu ni chepesi kutikisika.

Ulichomoa plagi, ukabana msumari mezani karibu na ubavu wa bledi, lile duara lenye meno, ukaizungusha kwa mkono, taratibu. Upande mmoja ukakwaruza. Ukautia chaki.

"Si tumekwambia?" akasema Baba Mkubwa.

"Mmeniambia inayumba, baba. Hamjaniambia kinachoyumba."

Ukalegeza nati, ukaigeuza bledi nusu mzunguko. Safari hii chaki ikapita bila kugusa. Upande wa pili ndio ukakwaruza. "Kasoro haikuifuata bledi. Bledi ni nzima," ukasema. Wazee wakatazamana kwa furaha: basi ni shafti! Ukaitoa bledi, ukasogeza msumari kwenye shafti tupu. Pengo halikubadilika mzunguko mzima. Furaha ikaisha.

Ikabaki ile sahani ya chuma ambayo bledi huegemea. Uliivuta. Nyuma yake, utomvu wa paina uliokauka, unene wa ukucha, umeiinamisha sahani upande mmoja pamoja na bledi yake.

Aliyebadilisha beringi na kuirudisha sahani bila kuifuta ni mimi. Nawe ulijua. Ulinitazama mara moja tu, ukanipa kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Shemeji, futa."

Nikafuta, nikarudisha sahani na bledi, nikakaza nati. Wazee waliona mikono yangu, wakanipongeza mimi. Ulirudisha plagi, ukaanza kupasua mbao zilizonyooka.

Nani alikufundisha? Kaka hakuwa mtu wa maelezo. Miaka yote ulikuwa ukimshikia ncha ya pili ya ubao, sisi tukidhani unashika tu. Nimekaa na mafundi wengi wenye sauti kubwa. Sijaona mwingine anayeuliza chuma swali moja moja hadi kijibu.

Basi Baba Mkubwa asome, na mteja wa milango asome: mashine niliiharibu mimi, akaiponya shemeji. Jumapili, tukitoka ibadani, nitalisema kwa mdomo. Wakinifukuza, usishangae kuniona Mbeya na begi.

Anayekuheshimu, japo kwa kuchelewa,
Shemeji yako mdogo