Niite Jina Wakinitoa Damu

Nduku, mjukuu wangu niliyekupa jina,

Salamu kutoka Mbooni. Maharagwe tumevuna, na babu yako bado anagombana na tumbili.

Umeniuliza kama naogopa ninapotolewa damu. Naogopa. Sukari na presha nimezizoea kama majirani wenye kelele. Lakini hii saratani ya damu hata daktari ameiona kwa wachache tu. Mwili unatengeneza damu kupita kiasi, inakuwa nzito, kwa hivyo wananipunguzia pakiti moja. Halafu napewa chai bila sukari!

Nilipokuwa msichana, baba alikuwa akitoa damu ya ng'ombe kwa mshale mdogo, tuinywe na maziwa. Siku ya kwanza kutumwa nimshike dume wetu, Kasau, nilimng'ang'ania pembe kwa nguvu zote. Akatetemeka, akarusha mateke. Baba akashusha upinde.

"Wacha kumshika hivyo. Muite jina."

Nikamwekea mkono shingoni. "Kasau, Kasau." Akatulia. Mshale ukaingia, damu ikajaza kibuyu, baba akaziba kidonda, na Kasau akarudi kula nyasi zake. Ninaikumbuka bado ile shingo yenye joto.

Kwenu wajukuu mimi ni Susu. Kwa babu yako ni Mama Mutua. Waliokuwa wakiniita jina langu wote tumewazika.

Ukifunga shule, nisindikize hospitali. Usinishike kwa nguvu. Keti karibu nami, na usione haya, maana jina ni lako pia. Niite Nduku.

Susu yako