Bendera Nyekundu ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Chai. Kompyuta. Boya langu la kupimia hali ya hewa linaonyesha joto la ziwa limepanda tena. Upepo wa bonde la Lambwe umelala, mawingu yamejazana upande wa Migori. Nimepandisha bendera nyekundu ya onyo la dhoruba hapa bichi ya Mbita. Ya tatu ndani ya siku kumi.

Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, wamecheka. Shemeji Odhiambo, mume wa dada yangu Atieno, amecheka kuliko wote. "Shem, wewe na bendera yako mnataka tule sukuma wiki mpaka Pasaka?"

Wachache wamebaki. Wengi wameingia ziwani.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna dhoruba. Hata manyunyu. Walioingia wamerudi na omena tele. Waliobaki hawana cha kuanika, na wake zao hawakuitikia salamu yangu. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Hesabu zangu ni zile zile za vimbunga vya baharini. Maji yenye joto huilisha dhoruba, upepo mkali wa juu huisambaratisha. Tofauti ni muda. Kimbunga cha bahari hupewa jina, hufuatwa siku kadhaa. Cha kwetu hakina jina. Huzaliwa watu wakishakula chajio, na alfajiri kimeshazamisha mtu. Bendera ndiyo kinga pekee tuliyo nayo, nami nimeifanya idanganye mara tatu.

Mwenyekiti wa bichi amekuja na upole wake, unaoniudhi kuliko matusi. "Madam, nyekundu moja tena ya bure, tunaishusha kabisa."

Jumatano, 5 Machi

Nimekodi mashua nikakague boya. Halipo! Tumezunguka saa nzima. Tumelikuta ndani ya mafunjo, chini ya boma la Odhiambo, limefungwa kamba. Maji ya magotini. Jua linayachemsha kutwa, na mimi nayaita ziwa.

Nimemkuta akishona nyavu. "Kule mbali wangeiba, shem. Mnyororo mzuri vile? Mali ya shemeji haiachwi peke yake majini. Wiki mbili nalinda, hata asante sijasikia."

Nimemtukana. Mume wa dada yangu, mbele ya watoto wake. Amelipakia boya mwenyewe, akalirudisha penye kina. Heri lingeibwa, ningejua limeibwa.

Naona aibu. Bado nina hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Nilitarajia joto litashuka sana baada ya boya kurudi mahali pake. Limeshuka kidogo tu. Ziwa lenyewe lina joto, kweli safari hii. Upepo wa juu ni dhaifu. Nimerudia hesabu mara nne, jibu ni moja.

Nimempigia bosi, yuko Homa Bay mjini. "Una hakika?" Sina. Kazi hii haina hakika. Kuuliza ni rahisi.

Saa nane mchana nimepandisha nyekundu. Mficha uchi hazai, nimewaambia wavuvi yote: boya lilikuwa maji ya pembeni, zile tatu zilikuwa makosa, hii siyo. Sikumtaja aliyelihamisha. Mmoja akasema, "Na wiki ijayo utatuambia hii pia ilikuwa makosa." Wakaendelea kupakia taa za kuvulia usiku. Nilitaka kuwarushia mawe. Nilitaka kulia.

Odhiambo hakunitazama. Alipanda mashua yake, akafungua injini, akaitia begani, akaanza kupanda kilima kwenda kwake.

Bichi nzima ikageuka kumtazama. Odhiambo ni Msabato. Injini yake hubebwa nyumbani Ijumaa kabla jua halijazama, miaka yote. Watu huitumia kama kalenda.

"Kwani leo Ijumaa?" mtu akauliza.

Akageuka nusu, injini ikiwa begani. "Boya nililihamisha mimi. Shem hakudanganya." Akaenda zake.

Ikafunguliwa injini ya pili. Ya tatu. Nimesimama pale mpaka ya mwisho ikapanda kilima.

Sasa naogopa kitu kingine kabisa: dhoruba isipokuja, je?

Ijumaa, 7 Machi

Imekuja. Kabla ya alfajiri, kutoka upande wa Migori, kwa kelele ambayo sijawahi kusikia. Imeng'oa mabati. Imepindua mashua mbili zilizokuwa zimevutwa juu mchangani. Majini hakukuwa na mtu.

Mwenyekiti amepita, akaokota bendera, kitambaa kilichobaki. "Shona nyingine," amesema. Basi.

Boya limekatika mnyororo. Namba zake zimeishia dhoruba ikiwa bado inakua, pale pale nilipozihitaji. Nimeumia, kisha nikajiona mpumbavu kuumia.

Jioni nimekwenda kwa Atieno na sukari kilo mbili. Odhiambo alikuwa anaoga, Sabato inaingia. Nimeiacha kwa dada. Msamaha sijaomba.

Jumapili, 9 Machi

Ziwa limetulia. Odhiambo amekuja na boya begani, limebonyea ubavu mmoja. Amelikuta kwenye mafunjo yale yale.

"Unaona? Hata ziwa linajua pa kuliweka."

Nimecheka. Halafu nikamwomba msamaha, vibaya, huku nikitazama miguu yangu. Amesema sukari ilikuwa nzuri.

"Nilipeleke wapi, shem?"

"Mbali."

Amelitia begani tena. "Haya. Mbali."

Nimepandisha kijani. Nimesimama ufuoni mpaka mashua yake ikawa nukta, na nikaendelea kusimama mpaka ikarudi bila boya.