Elisée Alikufa Mara Tatu Ijumaa

Butembo, tarehe 9 Januari 2025

Kaswera, mutoto wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na malaria ya Noeli imeisha. Sisi tuko salama. Baridi ni ileile, vitunguu vinaota, mizinga tunaisikia mbali upande wa Lubero, si kila siku. Mama Angèle, mama yake Elisée, sasa anakaa nasi katika chumba chako. Anakusalimu.

Tonton Télesphore, mjomba wako unayekaa kwake, alinisomea bulletin yako ya shule kwenye simu. Asilimia 41. Siku kumi na moja hukuonekana darasani. Alikukuta nyuma ya magunia ya mchele katika depo yake, saa nne asubuhi, na uniforme mwilini, ukicheza mchezo wa simu. Alisema alikuita mara mbili na hukugeuka.

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ndiyo imekula masikio yako. Émile dereva atakupa barua hii mkononi.

Nilikutuma Kisangani usome. Hapa shule zimejaa wakimbizi, watu wanalala juu ya madawati. Bulletin ya Pasaka isipofika hamsini, Tonton atakurudisha, na mwaka utapotea. Ile simu iponde na nyundo. Lakini kwanza nijibu kama mtu mzima: unatafuta nini mule ndani?

Mama yako

*

Kisangani, tarehe 17 Januari

Mama,

Pokea salamu zangu, na za Tonton na mke wake, Tantine Prudence. Malaria imeisha. Jua ni kali, umeme unakuja siku moja na kukosa siku mbili. Umwambie Mama Angèle nimefurahi kusikia salamu zake.

Umeniambia nijibu kama mtu mzima. Bon. Tuko wanne, wote wa darasa letu la Kanyabayonga: mimi, Julie aliye Beni, Amani aliye kambini Uganda, na Elisée. Tangu tulipokimbia hatujaonana. Mchezo unatushusha kwa parashuti katika kisiwa, pamoja na watu arobaini na sita tusiowajua. Kikundi kinachobaki cha mwisho kinashinda. Tunasikilizana kwa écouteurs za masikioni, kama tuko kwenye benchi moja.

Tuna sheria moja tu: ni marufuku kuongea vita. Hakuna kuuliza uko wapi, nani alikimbia, nani alibaki. Julie aliiweka siku aliyoanza kulia katikati ya mchezo. Kule, mtu akikufa anangoja dakika chache, kisha anarudi. Hapa darasani wananiita "wa vita", na mwalimu akifunga mlango kwa nguvu mimi ninaingia chini ya meza. Kule siogopi bunduki hata moja.

Simu sijaiponda. Niliiweka chini siku tatu. Siku ya nne vidole vilikuwa vinacheza juu ya daftari vyenyewe. Nikairudia. Sikufichi.

Mutoto wako, Kaswera

*

Butembo, tarehe 26 Januari

Kaswera,

Leo sikuulizi habari ya jua. Jibu lako bado halijanifikia, na hii inaletwa na dereva mwingine. Kaa chini kabla ya kusoma.

Tonton alinipigia Ijumaa jioni kutoka kando ya mto, akipanda boti kwenda Opala kununua mchele. Alisema alipita mlangoni akakusikia unasema: "Elisée alikufa. Niko peke yangu." Alisema sauti yako ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo hakukuuliza, alikuambia pole tu. Kisha boti ikaondoka, na kule Opala simu yake haishiki; ya Tantine nayo sijaipata.

Kuna jambo nilikuficha ili usome. Elisée alipotea tarehe 15 Desemba, siku walipokimbia Alimbongo. Mama yake alipanda gari moja, yeye likamwacha, akasukumwa kwenye lingine. Tangu siku hiyo hatukuwa na habari. Mama Angèle alikuwa anakwenda kila asubuhi kwenye barabara ya malori kuangalia sura za watu. Sasa haendi tena.

Sijui ni nani aliyekupa habari ya kifo, wala alikufia wapi. Ungeniambia, ningebeba na wewe. Matanga yalianza jana. Tumetandika mikeka uani, watu wa chirika, jumuiya yetu ya kanisa, wameimba, tumechinja mbuzi. Katekista Célestin anauliza siku aliyokufa ili aandike kwa ajili ya misa. Mama Angèle anauliza kama alizikwa. Tafuta namna ya kunijibu hayo mawili.

Mama yako

*

Kisangani, tarehe 4 Februari

Mama yangu,

Jumapili ulinisikia kwa simu ya Tantine, lakini uani kwenu watu walipiga kelele na mtandao ukakatika. Acha niandike kwa utaratibu, umsomee Mama Angèle polepole.

Elisée ni mzima.

Ijumaa ile alikufa mara tatu, katika mchezo wetu. Mara ya kwanza alianguka kutoka darajani. Mara ya pili walimpiga risasi karibu na kiwanda. Mara ya tatu, saa tisa, alikufa akaniacha peke yangu mbele ya watu wanne, na hapo ndipo Tonton alipita. Aliniwekea mkono kichwani akasema, "Pole, mutoto." Mimi nilifikiri anaongelea bulletin. Baada ya dakika chache Elisée alirudi, tukashinda.

Sikujua kama amepotea. Sheria yetu ilimfunga yeye kinywa na mimi masikio. Na wewe pia, Mama, ulikuwa na sheria yako.

Siku ya pili yake mkuu wa shule alimwita Tantine, naye akanipokonya simu na kuifungia deponi. Donc barua yako ilipofika Jumapili, nilikuwa sijamsikia Elisée siku tisa. Nilimpa Tantine barua asome. Aliisoma mara moja, akafungua kofuli. Tulikaa wawili juu ya magunia. Nilimwambia kwamba Elisée anaweza asije kabisa. Alisema, "Tungojee. Leo hata mimi ninacheza." Tuliingia mchezoni saa saba. Saa tisa na robo jina lake likawaka.

Nilivunja sheria. Nilimuuliza: uko wapi?

Niliuliza tena. Akasema, "Uliahidi." Nikamwambia mama yake yuko Butembo, kwetu, analala katika kitanda changu.

Mtu wake wa mchezoni alisimama katikati ya uwanja, wazi, bila kujificha. Wakampiga hapohapo. Alikuwa ameweka simu chini. Nilisikia analia, na mtu mwingine pembeni anamuuliza ni nini.

Aliporudi alieleza. Yuko Mambasa. Anafanya kazi kwenye kibanda cha kuchaji simu, kando ya barabara, na mwenye kibanda, mzee Alfani, anamwazima simu asiwe na mawazo. Njiani watu walimwambia gari la mama yake liliungua na wote waliokuwamo. Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza mimi, siku zote hizi. Alisema: "Nisipouliza, hajakufa."

Nilimpa namba yako na nikamwambia apige palepale. Kama amepiga, unajua zaidi kuliko mimi. Émile analala Mambasa kila safari. Barua zetu zote zilipita mbele ya kile kibanda, Mama. Safari hii atambeba.

Misa msiandikishe.

Mutoto wako, Kaswera

*

Kisangani, tarehe 3 Machi

Mama,

Hujambo? Je, Butembo ni kimya au ni makombora? Tantine amepiga simu mara nyingi, namba yako haiiti. Ya Émile vilevile. Watu wa soko wanasema barabara ilifungwa baada ya Mambasa na malori yamesimama kwa mustari. Elisée haingii tena katika mchezo tangu alipopanda lori tarehe 11 Februari. Tonton amerudi kutoka Opala. Alipoelezwa alisema kuanzia sasa atauliza kila kifo mara mbili kabla ya kukitangaza.

Kuna jambo lingine, na hili ni la kwangu. Baada ya kumpata Elisée, Tantine aliniachia simu kama zawadi. Nilisema moyoni: kazi imekwisha, sasa nitasoma. Jioni iliyofuata nilicheza masaa matano. Elisée hakuwamo, Julie hakuwamo, Amani hakuwamo. Nilikuwa na watu nisiowajua na sikuwa ninaongea na yeyote. Sababu niliyokuandikia ilikuwa ya kweli, Mama, lakini ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa ningali pale. Hapo ndipo niliogopa.

Nilipeleka simu kwa Tantine mwenyewe, na chaja. Anairudisha Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi, ndizo saa tulizopatana na Julie na Amani. Wiki mbili za kwanza nilipigana na kila mtu nyumbani, hata na mwenye toleka anayenipeleka shule kwa baiskeli. Ya tatu nililala vizuri. Mitihani inaanza tarehe 17. Mlango ukifungwa kwa nguvu bado ninaruka, lakini sasa ninabaki kwenye kiti.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Kaswera wako

*

Butembo, tarehe 6 Aprili

Kaswera, mutoto wangu wa asilimia 64,

Ndiyo, Tonton amenisomea. Alisoma mara mbili, kama alivyoahidi. Prefe wa shule ameandika pembeni: "Hakukosa hata siku moja tangu Februari." Nimefurahi mpaka Mama Angèle ameniambia nikae chini. Utabaki Kisangani.

Nisamehe kimya. Antena ilizimwa wiki nne, na Butembo ilikuwa inalala na viatu miguuni. Sasa kumetulia. Barua yako ya Machi, ambayo Émile alipewa njiani, nimeipokea leo mkononi mwake, pamoja na mzigo mwingine.

Lori lilisimama siku arobaini na nane njiani. Waliuza nusu ya makayabu, wale samaki wa chumvi waliobeba, na wakala nusu. Saa sita mchana lilipiga honi mbele ya lango. Elisée alishuka nyuma, mwembamba, kichwa kimenyolewa, na barua yako ya Februari ndani ya shati. Alinisalimu vizuri. Kisha aliona mikeka ya matanga imekunjwa ukutani, akauliza ilikuwa ya nani. Katekista Célestin alimwambia. Akauliza kama kweli kulikuwa na mbuzi. Alipojua mbuzi aliliwa wote, alisema watu wa Butembo hawana aibu, kula matanga ya mtu bila kumwachia hata mguu. Ua mzima ulicheka.

Mama Angèle hakucheka wala hakulia. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamshika kidevu, akamgeuza uso upande mmoja na upande wa pili, kama anavyochagua kabichi.

"Ulikufa mara ngapi?" akamuuliza.

"Sijue, Mama. Mingi."

"Bon. Inatosha. Nawa mikono, tukule."

Nyundo niliyoiazima kwa ajili ya simu yako nimeirudisha kwa jirani. Jumamosi saa nane Elisée atakuwa kwenye simu yangu, mpaka saa kumi. Mama yake ndiye atakayeshika saa.

Wasingya, asante, mutoto wangu.

Mama yako