Upande wa Baba

Mama,

Chai iko kwenye termosi. Azhar ampelekee Bibi dawa zake Buyenzi kabla ya masomo.

Usinikasirikie. Asubuhi hii nimekwenda ziwani kwenye boti ya Baba, ile uliyotukataza kuigusa tangu tumzike. Nimekuta mlingoti umelala kushoto. Waya unaoushikilia upande huo umekazwa mpaka unalia ukiugusa, na skrubu yake ina mafuta mapya. Waya wa kulia umelegea kabisa. Nani anakuja hapa?

Mlinzi, mzee Aloys, akaniambia: "Si mama yako? Kila Ijumaa anakaza upande wake, kisha anasema, 'Baba Marwa, sasa zamu yako,' anakaa anasubiri."

Kumbe ndilo soko la Jabe unalotuaga kwenda kila Ijumaa.

~~Mama, tuiuze hiyo boti.~~ Apana, sikusema.

Wa kwako nimeulegeza kidogo, mlingoti usije ukavunjika. Wa kulia sikuugusa. Ijumaa hii twende wote. Ukishamwita, spana nipe mimi.

Binti yako mkubwa,
Marwa