Shingo ya Mizuho

Sayaka, nimeaibika! Nimejifungia garini nje ya duka la magauni.

Tumemsindikiza binamu yangu Mizuho kujaribu gauni la harusi hapa Iwaki. Kachagua lenye shingo wazi. Shingo laini, haina hata mkwaruzo! Na mimi na skafu yangu joto lote hili.

Si unakumbuka kinu cha nyuklia kilipolipuka, watoto wote tukapimwa shingo? Mimi na yeye tulikutwa na saratani ndogo ya tezi ya shingo. Mimi nikapasuliwa, tezi ikatolewa, nikabaki na hili kovu. Shangazi, mama yake, akakataa, akasema wataiangalia kwanza. Tulimwita kichaa!

Leo huyo shangazi anajisifu, "Daktari kasema haijakua hata kidogo. Huenda isimdhuru maisha yake yote."

Haijakua, Sayaka! Na mimi nameza vidonge mpaka kufa!

Nikaropoka mbele ya wote, "Hiyo shingo ingekuwa yangu!" Eti ingekuwa yangu! Fundi akadondosha pini zake.

Ngoja, Mizuho anakuja.

Nimerudi, Sayaka. Nilimfungulia, kaingia garini na gauni lake lote, limejaa mpaka kwenye usukani. "Dada Kotone, mimi ndiye nakuonea wivu. Wewe saratani yako ilitolewa, ukalala usingizi." Akauchukua mkono wangu, akauweka kooni pake.

"Unakisikia kivimbe?"

Nikapapasa. "Hamna kitu, Mizuho."

"Mimi nakisikia kila nikimeza mate."

Nikamkumbatia, gauni likakunjamana lote. Sote wawili tulikuwa tunalia.